Kambi za likizo Malindi na Watamu: maswali ya wazazi kuhusu usalama wa watoto

Shule zinapokaribia kufungwa, simu huanza. Kuna wazazi wa Malindi mjini wanaotaka mtoto aache kushinda mbele ya runinga. Kuna wa Nairobi ambao Watamu wameiona kwenye picha tu. Na kuna wa Lamu, ambao mtoto wao itabidi avuke maji hadi Mokowe ndipo apande basi. Nimekuwa mlezi kwenye kambi za watoto, na kabla ya hapo nikifundisha kuogelea, kwa hiyo majibu haya yameelemea maji na usiku. Huko ndiko mambo huharibikia.

Je, kambi fulani ni salama?

Ukiuliza hivyo utajibiwa "ndiyo", maana hakuna mwenye kambi atakayesema hapana. Uliza hivi: saa tatu usiku mwanangu yuko na nani? Akiamka saa tisa anataka kwenda msalani, nani atamsikia? Wakiwa majini, nani yuko nchi kavu anawahesabu? Ifuate siku yote ya kambi, saa kwa saa, kuanzia alfajiri hadi alfajiri. Aliyejipanga ataanza kukutajia watu kwa majina hata hujamaliza. Asiyejipanga atakuambia, "Tuna watu wazuri sana, mama, wewe usijali." Mimi nikisikia "usijali" ndipo huanza kujali.

Wana leseni ya kaunti. Haitoshi?

Haitoshi. Leseni ya biashara inaonyesha kwamba ada imelipwa. Haisemi lolote kuhusu nani analala karibu na hema la watoto.

Bahari yetu ina hatari gani hasa?

Inategemea mwezi. Agosti ni kusi: upepo mkali, mawimbi, mwani umerundikana ufukweni, na maji yamevurugika. Disemba kaskazi imeshaingia, bahari imetulia, maji ni maangavu, na ndio wakati mzuri wa kuwapeleka watoto kuona samaki katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968. Ukiona kambi ya Agosti imepanga kuzamia kila asubuhi kwa wiki nzima, ujue ratiba hiyo imeandikwa na mtu asiyeijua pwani. Aprili nayo ni masika. Mto Sabaki hufurika na kumwaga tope jekundu hadi ghuba ya Malindi, na katika maji ya rangi hiyo mlezi hawezi kumwona mtoto aliye nusu mita chini.

Kisha kuna kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji huweza kupita mita 3. Watoto waliotembea kwa miguu hadi mwambani kuokota makome wanaweza kugeuka wakakuta maji yamewazunguka. Mlango wa hori ya Mida, pale Watamu, huvuta kwa nguvu wakati maji yanatoka, na hata mtu mzima anayejua kuogelea hupata taabu kushindana nao. Kwenye mdomo wa Sabaki sikubali mtoto aingie hata hadi magotini, kwa kuwa kuna mamba na viboko. Mtihani wangu kwa mlezi ni mmoja: "Jumatano maji yanajaa saa ngapi?" Mvuvi yeyote wa Mayungu atakujibu bila kutazama karatasi. Mlezi si lazima awe hodari kiasi hicho, lakini awe na jedwali la maji na ajue kulisoma.

Jambo la pili ni hesabu. Kabla ya kuingia majini kila mtoto hupewa mwenzake. Mlezi mmoja hubaki ufukweni, haogelei, hapigi picha, simu yake iko mkobani. Kila baada ya dakika chache hupuliza filimbi, wawili wawili wanashikana mikono na kuinyanyua, yeye anahesabu jozi na kutamka idadi kwa sauti, na mlezi wa pili anaithibitisha. Watoto huguna, wanaona wanakatiziwa mchezo. Waache wagune. Mtoto anayezama hapigi mayowe kama kwenye sinema. Kinywa chake kiko sawasawa na maji, kichwa kimelalia nyuma, mikono inasukumia chini, pumzi ya kuita hana, na haichukui hata dakika moja. Walio karibu naye hudhani anacheza. Ndiyo maana sitaki kusikia "tuko wengi, tunawaangalia wote". Wote wakiangalia, hakuna anayeangalia.

Miiba na sumu huwatisha wazazi kuliko inavyostahili. Nungu wa bahari, taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani), yavuyavu, wote wapo, na viatu vya mpira huzuia sehemu kubwa ya shida. Akichomwa na taa au na samaki wa miambani mwenye miiba, mguu utumbukizwe katika maji ya moto anayoweza kuyastahimili, yasiyounguza, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku safari ya hospitali ikipangwa. Uliza kama wanabeba chupa ya maji ya moto kwenye mashua. Swali dogo hilo hufichua mengi.

Mwanangu hajui kuogelea. Nimzuie?

La, ila sema mapema kwamba hajui. Anayehangaisha walezi ni yule ambaye mzazi wake ameandika "anajua" kwa sababu aliwahi kumwona akichezacheza kwenye bwawa la hoteli. Kambi nzuri haitegemei fomu. Siku ya kwanza humjaribu kila mtoto kwenye maji ya kina kifupi, kisha huwagawa.

Kwenye mashua, kila mtoto avae jaketi la kuokolea, anayejua na asiyejua, na alivae kabla ya kupanda. Jaketi lenyewe likague kwa mkono wako. Nimeona mengi ambayo rangi imepauka, sponji imekuwa ngumu na kukatika vipande ndani, na kifungo kimoja kimebadilishwa na kamba ya nailoni. Mvalishe mtoto, funga, kisha shika mabega ya jaketi na unyanyue. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, naye atachomoka akianguka majini. Kwa mtoto mdogo, mkanda wa kupita katikati ya miguu ni wa lazima. Nahodha akikuambia majaketi yako chini ya sakafu, "tutayatoa bahari ikichafuka", mshushe mtoto.

Nitajuaje kwamba walezi si watu wabaya?

Kwa kumtazama mtu usoni hutajua. Anayeharibu watoto kwa kawaida si mgeni aliyejificha vichakani. Ni mtu anayejulikana, anayependwa na watoto, mwenye zawadi, mwenye muda, anayejitolea kumbeba anayelia. Na hutafuta kazi palipo na watoto. Chama cha skauti wa kiume cha Marekani kilipoomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika mwaka 2020, zaidi ya watu 80,000 walijitokeza kudai kwamba walidhulumiwa wakiwa watoto. Hicho ni chama chenye jina, sare na kiapo.

Kwa hiyo tusitegemee sura wala jina. Kanuni ya kwanza: mtu mzima mmoja asibaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana na wengine, iwe hemani, bafuni, garini au chumba cha dawa. Mtoto akiugua usiku, walezi wawili huamka. Ni usumbufu, na kambi yenye walezi wachache haiwezi kuitimiza, kwa hiyo uliza walezi wangapi hulala pale. Wa mchana ni hesabu nyingine.

Kanuni ya pili: kila anayeshika kazi awe na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kila anayeshika kazi, si wale watatu waliopigwa picha kwenye tangazo. Mpishi, mlinzi, dereva, kijana aliyeletwa Jumamosi kusaidia kubeba mizigo. Cheti kina upungufu wake, kwa sababu kinaonyesha waliowahi kuingia kwenye rekodi tu, na wengi hawajawahi kushtakiwa. Ongeza simu kwa watu wawili aliowafanyia kazi zamani, na umuulize mwenye kambi kama yeye alizipiga.

Jambo ambalo wazazi hawaulizi ni watoto wakubwa kwa wadogo. Hema linalochanganya wa miaka minane na wa kumi na sita mimi silikubali, hata wakiwa ndugu wa mtaa mmoja.

Halafu kuna mazungumzo ya nyumbani, ambayo huku kwetu tunayaonea haya na kumwachia ustadhi au mwalimu. Mtoto ayajue majina ya viungo vyake. Ajue kwamba hakuna siri kati yake na mtu mzima, hata ya peremende. Ajue anaweza kusema hapana kwa mjomba, kwa mwalimu, kwa aliyemzidi miaka arobaini, na kwamba wewe hutamgombeza akikuambia. Zungumzeni siku kadhaa kabla, mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnachambua mchicha au mnakunja nguo. Ukimkalisha kitako usiku wa kuamkia safari atasikia hofu tu.

Watamu imejaa watalii. Watoto watachanganyika nao?

Hatuna haja ya kufichana: Malindi na Watamu zimeishi na biashara chafu ya watalii na watoto, na wapo watoto walioumia. Kambi iwe na geti, daftari la wageni, na kanuni kwamba mgeni hasogei kwa watoto bila mlezi, hata akiwa ndiye mfadhili aliyenunua mahema. Hasa akiwa mfadhili.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na picha ni taarifa. Fomu ikuulize waziwazi, na "hapana" yako isimfanye mtoto asimame pembeni wenzake wakipigwa picha ya pamoja. Binafsi nakataa picha zozote za watoto wakiwa na nguo za kuogelea. Na picha zirushwe mtandaoni kambi ikiisha. Ukirusha leo "tuko Gede na watoto", umemwambia kila mtu walipo.

Kambi ni ya dini. Niwe na wasiwasi?

Tangu Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi, mzazi anayeuliza swali hili haombi radhi kwa mtu. Kambi za misikiti na za makanisa ziko nyingi, na zipo zilizo bora kuliko za kulipia pesa nyingi. Dini haiwi tatizo. Tatizo huwa mlango uliofungwa. Uliza kama unaweza kufika siku yoyote bila taarifa, kama watoto wanafungishwa saumu na kwa kibali cha nani, kama mgonjwa hupelekwa hospitali au huombewa tu, na kama mtoto anaruhusiwa kupiga simu nyumbani. Jibu la kuzungukazunguka kwenye lolote kati ya hayo linatosha kumbakiza mtoto nyumbani.

Na stara? Binti yangu ana miaka kumi na miwili.

Mahema ya wasichana na ya wavulana yawe mbali, na vyoo vitengane. Walezi wa kike walale upande wa wasichana. Kuogelea, kambi nyingi za huku hutenga saa, na binti akivaa suruali ndefu na fulana ya kubana yenye mikono atapiga mbizi vizuri tu. Asiingie majini na baibui au gauni pana, kwa sababu kitambaa kikilowa huvuta chini na hujiviringisha miguuni. Hedhi huweza kuanza akiwa huko huko kambini: mfungie pedi hata kama hajaanza, na mwambie mlezi gani wa kike amwendee. Nyama halali na nafasi ya swala havijawahi kuwa shida Malindi.

Mtoto wangu ana ugonjwa wa kudumu. Watamweza?

Selimundu (sickle cell) ipo sana kwetu pwani, na mtoto mwenye selimundu anaweza kwenda kambini, ila walezi waelewe kwamba maumivu humwanza akikosa maji mwilini, akipoa ghafla, au akichoka kupita kiasi. Anywe maji hata kama hana kiu, akaushwe na kuvalishwa mara atokapo baharini, na asilazimishwe mbio. Homa kwake si ya kungoja asubuhi. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima wake mwenyewe, anayeweza kumfikia kwa mkono, na mimi ningemwacha nje ya bahari kabisa, acheze kwenye bwawa. Mwenye pumu abebe mwilini dawa yake ya kuvuta. Ikifungiwa kabatini ofisini haitamfaa kitu.

Dawa ziandikwe jina, kipimo na saa, zikabidhiwe mkononi kwa mtu unayemjua jina. Malaria iko pwani, kwa hiyo chandarua kilichotiwa dawa ni lazima, na kifike kwenye godoro; kwenye hema wengi hukisahau. Akirudi nyumbani Nairobi, homa yoyote ya wiki kadhaa zijazo ipimwe malaria kwanza.

Uliza pia wanampeleka wapi akizidiwa, kwa gari gani, na gari hilo linalala hapo kambini au linarudi mjini jioni. Hospitali ya Malindi iko, lakini haina maana saa nane usiku kama dereva amelala kwake mtaa wa Kisumu Ndogo na simu ameizima. Hakikisha mtoto ameandikwa chini yako SHA, bima ya afya ya serikali iliyoanza kazi badala ya NHIF Oktoba 2024, na nakala ya kitambulisho chako iwe kwenye faili lake.

Nyoka?

Wapo. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko karibu, na koboko na kifutu si hadithi. Tochi kila mtoto, viatu vikung'utwe asubuhi, mikono isiingizwe kwenye mashimo. Aliyeumwa atulizwe, asitembezwe, asifungwe kamba, asichanjwe, awahishwe hospitali. Watamu ina bahati ya kuwa na kituo cha nyoka cha Bio-Ken, kinachojulikana miaka mingi kwa kazi ya kuumwa na nyoka. Kambi ya eneo hilo iwe na namba yao ukutani.

Wanachapa?

Wasichape. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinakataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote. Wala kupiga magoti juani, wala kunyimwa chakula. Muulize mlezi humfanyaje mtoto aliyekataa kutoka majini. Akicheka na kusema "tunajua kuwanyoosha", umeshajibiwa.

Nimpe simu?

Simu yake mwenyewe, hapana, kwa sababu ndiyo inayoingiza watu wasioonekana hemani. Lakini kambi inayokataza simu lazima iwe na yake, na mtoto apige siku alizoahidiwa bila mlezi kukaa sikioni mwake. Kubalianeni neno moja la kawaida, kwa mfano jina la paka wa jirani, ambalo akilitaja unajua anataka kuondoka na hawezi kusema.

Bado anakojoa kitandani. Ataaibika.

Si peke yake, na walezi wazoefu wanalijua. Mwambie mlezi mmoja kwa faragha. Mfungie shuka mbili za rangi nyeusi, mpira wa kitanda na nguo za kubadilisha juu kabisa ya begi. Mlezi humwamsha kabla yeye mwenyewe hajalala, na asubuhi begi la nguo chafu huondoka kimya kimya. Asinyimwe maji mchana kwa joto hili.

Ni mdogo mno?

Umri haunisaidii sana. Je, ameshawahi kulala kwa shangazi au bibi bila wewe? Anaoga na kujifuta mwenyewe? Akiumwa tumbo husema, au hunyamaza hadi uone machozi? Kama majibu ni hapana, mwanzishe kambi ya mchana, arudi nyumbani jioni. Wasiwasi mwingi ulio kwenye ukurasa huu ni wa usiku, na kambi ya mchana inauondoa kwa mpigo.

Tuko Lamu. Safari je?

Iwe ya mchana yote. Boti ya kwanza hadi Mokowe, jaketi mwilini, kisha basi la asubuhi kupitia Witu na Garsen. Usalama wa njia hiyo umekuwa na misimu yake, kwa hiyo sikiliza polisi na wenye mabasi wiki hiyo hiyo. Mtu mzima unayemjua amkabidhi mtoto Malindi kwa mlezi aliyetajwa kwa jina, si kwa "kijana wetu atakuwa stendi".

Nikihisi kwamba jambo limemtokea?

Msikilize, usimhoji kama polisi, usimwambie "mbona hukupiga kelele". Kama ni unajisi, usimwogeshe wala kufua nguo zake. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi na mwende hospitali mara moja, kwa sababu dawa ya kuzuia HIV hufaa ndani ya saa 72. Matibabu hayo hospitali ya serikali ni bure. Polisi waulize dawati la jinsia, mjaze fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, ya bure, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, kwa hiyo mfundishe kabla hajaondoka. Wazee wa mtaa wakija na kikao cha kumaliza mambo nyumbani kwa heshima ya familia, wape chai na uendelee na kesi.

Nikighairi, pesa zinarudi?

Soma masharti kabla ya kutuma. Kambi isiyorudisha hata shilingi mtoto akiugua huwafanya wazazi walete watoto wenye homa na upele ili pesa zisipotee, na wako atalala hema moja nao.